Nimejifunza Kuangalia Filamu za Nje Pamoja na Wenye Kazi Zao

Filamu ya nje isiyo na bunduki wala ngumi haina wapenzi wengi Moshi. Kwenye vibanda umiza vya Pasua, Majengo na Njoro utakuta mpira wa Uingereza, muvi za mapigano zilizoingizwa sauti ya Kiswahili, na sizoni za Kikorea na Kituruki. Sina ugomvi nazo. Nimekulia humo humo, na najua raha ya kumsikia msimulizi akimpa steringi wa Hong Kong jina la mtaani kwetu na kumfanya agombane kwa lafudhi ya Kipare. Lakini tangu masika yaliyopita nimekuwa naangalia filamu za aina nyingine kabisa: za Iran, za Senegal na Mauritania, ya India isiyo na wimbo wa kuchezea bustanini, na moja ya kwetu Zanzibar. Ni filamu ambazo nyuma yake hakuna kampuni kubwa za Marekani, na wengi wanaoonekana ndani yake hatujapata kuwasikia. Nina maoni makali juu yake.

Kubwa nililojifunza ni kwamba filamu za namna hii hazihitaji mtazamaji aliyesomea filamu. Zinamhitaji mtu ambaye kazi yake imo ndani yake. Mkalishe huyo kwenye kochi, halafu mwache aseme.

Nimelijua hilo kwa baba mdogo. Binamu yangu anayesomea mambo ya picha Dar es Salaam alinijazia filamu kwenye eksteno, ile diski ya kuhifadhia, akaniambia niache kuangalia vitu vya aina moja. Mimi nina duka la steshenari, jioni nikifunga napita Pasua kwa baba mdogo kwa sababu yeye ndiye mwenye televisheni ya maana. Baba mdogo ni fundi viatu. Meza yake iko pembeni ya soko, amekaa hapo tangu mimi sijaanza shule. Kiingereza chake kinatosha kutaja namba za viatu na bei, basi. Kwa hiyo maandishi ya Kiingereza yanapopita chini ya skrini, mimi nayasoma kwa sauti kwa Kiswahili, hapo hapo, bila kusimamisha. Mwanzoni nilidhani nitachoka. Nimegundua kwamba ukisomea wengine huwezi kuchungulia simu, na filamu hizi haziwezi kuangaliwa na mtu mwenye simu mkononi.

Ya kwanza ilikuwa Children of Heaven, ya Majid Majidi wa Iran, ya mwaka 1997. Inaanza na mikono ya fundi anashona kiatu cha mtoto wa kike, cha rangi ya waridi, kimechakaa. Hakuna uso, hakuna maneno, ni mikono na kiatu tu huku majina yakipita. Baba mdogo akasema, "Simamisha hapo, mwanangu." Nikasimamisha. Akasogea karibu na skrini, akavitazama vile vidole.

"Huyu siyo mwigizaji," akasema. "Mwigizaji angeangalia kama tunamwona."

Halafu akaniambia jambo ambalo mhakiki yeyote asingeniambia. Kiatu kilichofika hatua ile, fundi anajua kwamba kukishona ni hasara. Ngozi imeshachoka, uzi unapita penye matundu ya uzi wa zamani. Unakishona kwa sababu aliyekileta hana kingine, na bei unaitaja kwa kuangalia aliyekileta. Chini ya meza yake baba mdogo ana kiroba cha viatu vya shule ambavyo wenyewe hawajavifuata. Havijasahauliwa, hela ya kuvikomboa ndiyo haijapatikana. Januari shule zikifungua, akina mama wanakuja mmoja mmoja wanachambua kiroba kile, na yeye anakumbuka kila jozi ni ya nani. Kwa hiyo filamu haijafika dakika ya tano, sisi tulishajua ile familia ya Tehran inaishi vipi, na hakuna mtu ndani ya filamu aliyekuwa amelalamika umaskini.

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Ali anatoka kwa fundi na viatu vya dada yake Zahra, anapita kununua viazi, anaviacha nje ya genge, mzoa taka anaondoka navyo bila kujua. Baba yao anadaiwa kodi, mama anaumwa. Watoto wanaogopa kusema. Wanakubaliana wavae raba za Ali kwa zamu: Zahra asubuhi, kisha anakimbia kurudi, wanabadilishana kwenye kichochoro, Ali naye anakimbia kwenda shule zamu ya mchana. Mazungumzo yao wanayaandika kwenye daftari wakiwa sebuleni, wazazi wako pale pale hawajui kinachoendelea. Filamu nzima inasimama juu ya raba hizo.

Kuna mahali baba yao amekaa chini anavunja sukari ya msikiti, bonge kubwa anaikatakata vipande vidogo. Zahra anamletea chai. Anaomba sukari, binti anashangaa, kwani sukari yote hiyo iliyo mbele yake ni ya nini? Baba anamjibu kwamba hiyo ni ya msikiti. Baba mdogo ni mzee wa kanisa, Mlutheri, amehesabu sadaka miaka mingi. Alipiga goti lake kwa kiganja akasema, "Amana." Neno moja. Mimi ningeangalia sehemu ile peke yangu ningeona chai tu.

Na kuna siku baba na Ali wanapanda baiskeli kwenda mitaa ya matajiri kutafuta kazi ya bustani. Wanabonyeza kengele za mageti yenye spika, sauti inauliza ni nani, na baba mtu anashindwa kujieleza. Ali ndiye anayeongea. Kwetu mitaa ya mageti ya namna hiyo ni Shanty Town, ambayo pamoja na jina lake ni mtaa wa wenye nazo. Jirani mmoja aliyekuwa amekuja kuchaji simu alianza kucheka yule baba alivyobabaika mbele ya geti, halafu akaacha kucheka. Amewahi kutafuta vibarua huko.

Lakini sehemu ninayoiweka juu kuliko zote ni pale Zahra anapoviona viatu vyake miguuni mwa mtoto mwingine shuleni. Wanamfuata hadi kwao, yeye na kaka yake, wamejiandaa kudai haki yao. Mlango unafunguliwa, anatoka baba wa yule mtoto, ni kipofu. Ali na Zahra wanatazamana, wanageuka, wanarudi nyumbani. Hakuna kilichosemwa, mimi sikuwa na cha kusoma. Ningependa kila mwandishi wa Bongo muvi akae na dakika zile mpaka azielewe. Kwetu pale pangekuwa na kelele, kilio, mama mkwe, na muziki wa kinanda unaotuambia tuhuzunike. Majidi aliwaamini watoto wale wawili na akatuamini sisi.

Mbio za mwishoni ndizo zilizoleta fujo. Zawadi ya mshindi wa tatu ni raba. Ali hataki kuwa wa kwanza, anataka kuwa wa tatu. Tumezoea steringi ashinde, sasa tulikuwa tunamwombea apunguze mwendo. Baba mdogo alisimama anapaza sauti, "Punguza! Punguza, mwanangu!" Watoto wa jirani wakajaa mlangoni wakidhani ni mpira. Ali akaingia wa kwanza, wakambeba juu, akalia, na ndani ya chumba kile hakuna aliyehitaji maelezo kwa nini mshindi analia. Kasoro ninayoiona ni kwamba mbio zile zimepunguzwa kasi kwa muda mrefu kupita kiasi, na muziki unasukuma sana. Filamu iliyojizuia vizuri namna ile haikuhitaji kutushika mkono mwishoni. Bado kwangu ni ya kwanza kati ya zote. Mwaka 1999 ilikuwa filamu ya kwanza ya Iran kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Haikushinda. Baba mdogo alipolisikia hilo alikasirika kweli.

Baada ya usiku ule nikabadilisha utaratibu. Badala ya kukaa na yeyote aliyepo, nikawa kwanza naangalia filamu inahusu kazi gani, halafu namtafuta mwenye kazi hiyo.

Ndivyo Mama Glory alivyokuja kuangalia Timbuktu. Mama Glory anauza perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Timbuktu ni ya Abderrahmane Sissako, mzaliwa wa Mauritania aliyekulia Mali, imetoka 2014. Inaonyesha mji wa Timbuktu mwaka 2012, wakati wanamgambo wenye silaha walipoutwaa na kuanza kupiga marufuku muziki, sigara, mpira, na kuwaamrisha wanawake wavae soksi na glavu. Kwa sababu za usalama walipigia picha nyingi Oualata, upande wa Mauritania. Filamu hii ilichukua tuzo saba za César kule Ufaransa, ikiwemo ya filamu bora, lakini mimi nitawaambia Mama Glory alisema nini.

Yupo mwanamke sokoni anauza samaki. Wanakuja wenye bunduki kumwambia avae glavu. Anawauliza atauzaje samaki amevaa glavu, wakati samaki lazima amwagiwe maji. Anatoa kisu, ananyoosha mikono, anawaambia basi waikate. Mama Glory aliinuka kwenye kiti chake.

"Waambie!" akasema. "Na glavu utajuaje samaki amelala?"

Akatuonyesha. Perege unambonyeza ubavuni kwa kidole. Nyama ikirudi, huyo ni wa leo. Ikibaki shimo, amelala. Halafu unafunua mashavu kuangalia wekundu, lakini jicho linaweza kudanganywa kwa maji ya barafu, kidole hakidanganywi. Mikono yake ina vijikovu vingi vidogo vya miba ya mgongoni mwa samaki, na aliinyoosha vile vile alivyoinyoosha mwanamke wa kwenye filamu. Nilichokuwa nimekisoma kwenye maandishi kama suala la dini na siasa, yeye alikiona kama amri ya kumnyima chakula mtu anayekula kwa vidole vyake. Naamini Sissako alikusudia hivyo hivyo. Asingekusudia, angemchagua mwanamke mwingine yeyote wa pale mjini.

Nusu ya pili ilileta ubishi uliochukua usiku wote. Kidane ni mfugaji anayeishi kwenye hema nje ya mji na mkewe na binti yao. Ana ng'ombe wachache, mmoja anampenda kuliko wengine, anaitwa GPS. Ng'ombe huyo anaingia kwenye nyavu za mvuvi Amadou, mvuvi anamchoma mkuki. Kidane anakwenda kumkabili akiwa na bastola kiunoni, wanavutana majini, risasi inatoka, mvuvi anakufa. Mahakama ya wale wavamizi inadai fidia ya ng'ombe 40. Yeye ana saba.

Mlinzi wa nyumba ya jirani, kijana wa Kimaasai kutoka Simanjiro, alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake tangu aliposikia sauti ya ng'ombe. Alisema ng'ombe mwenye jina haulizwi bei. Mama Glory akamjibu kwamba nyavu nazo zina bei, na mvuvi akikatiwa nyavu watoto wake wanalala njaa wiki nzima, ng'ombe awe na jina au asiwe nalo. Kijana akasema ng'ombe hajui nyavu ni nini. Mama Glory akasema mwenye ng'ombe anajua. Hapa Kilimanjaro ugomvi wa maji, mifugo na mashamba tunaujua, ukishuka Kahe na kuendelea chini kuelekea bwawani utausikia kila kiangazi, kwa hiyo hakuna aliyekuwa anaongelea Mali tena.

Kilichonivutia ni kwamba Sissako hakumpa ushindi yeyote kati yao. Alimwonyesha mvuvi akihangaika na nyavu zake kabla ng'ombe hajafika, ili tusije kumchukia. Na baada ya risasi, kamera inarudi mbali sana, tunayaona maji yote, jua linazama, mtu mmoja anavuka maji ya kina kifupi akianguka na kuinuka, na upande wa pili mwingine anajikongoja hadi anaishia. Wote wawili wadogo. Picha ile inadumu, haikatwi. Mtaani kwetu wangesema inachosha. Pale sebuleni hakuna aliyesema hivyo, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mtu wake ndani ya yale maji.

Yapo pia mashindano ya mpira usio na mpira, vijana wanacheza wakiufuata mpira ambao haupo, na wanamgambo wakipita na pikipiki wanajifanya wanafanya mazoezi ya viungo. Kesho yake watoto wa Pasua waliujaribu mchezo huo barabarani. Waligombania penalti.

The Lunchbox nitaipitia haraka, siyo kwa sababu ni mbaya. Ni ya Ritesh Batra, ya mwaka 2013, na ndani yake yumo Irrfan Khan, aliyefariki 2020. Mumbai kuna wabeba vyakula wanaochukua chakula cha mchana majumbani na kukipeleka maofisini kwa treni na baiskeli, maelfu kwa maelfu, na mara chache sana kinapotea. Kwenye filamu kimepotea: chakula cha mwanamke anayeitwa Ila, anayempikia mume asiyemjali, kinafika kwa karani mjane anayekaribia kustaafu. Wanaanza kuandikiana vikaratasi ndani ya vyombo. Nilimwita Da' Upendo, mama ntilie anayepelekea watu chakula maofisini kwa bodaboda, kwenye hotpoti zenye majina yaliyoandikwa kwa rangi ya kucha. Alichonifundisha ni namna ya kusoma chombo kinachorudi. Kikirudi kitupu tu, mtu alikuwa na njaa. Kikirudi kimefutwa hadi mchuzi wa pembeni, umempata mteja. Kikirudi kimeoshwa, mteja ana adabu lakini usimpandishie bei. Ila anapofunua chombo na kukikuta kimemalizwa, uso wake unabadilika kidogo sana, na Da' Upendo alishaelewa kabla sijasoma lolote.

Mwisho wa filamu ile hauelezi kama walionana. Da' Upendo alisema ametapeliwa. Mimi naitetea. Watu wawili waliopendana kwa vikaratasi, ukiwakutanisha uso kwa uso inabidi uanze filamu nyingine. Hatujapatana mpaka leo, na nikienda kula kwake ananiuliza kama nimepata sehemu ya pili.

Kuna moja ambayo mwenye kazi yake nilikuwa mimi. Where Is the Friend's House? ya Abbas Kiarostami, mwaka 1987, inahusu daftari, na mimi nauza madaftari. Mwalimu wa kijiji cha Koker amemwonya mtoto mmoja kwamba akija tena bila kuandika kazi ya nyumbani kwenye daftari lake atafukuzwa. Rafiki yake Ahmad anafika nyumbani na kukuta amebeba madaftari mawili, lake na la mwenzake, yanafanana. Anatoka kwenda kijiji cha pili kulirudisha, hajui nyumba, na watu wazima wote anaokutana nao hawamsikilizi. Mama anamwambia afanye kazi za shule, kisha anamwita abembeleze mtoto, kisha alete maji, na bado anamgombeza hajaandika. Hiyo ndiyo filamu nzima.

Nasimama nyuma ya kaunta kila Januari na najua sura ya mtoto anayehesabu sarafu kununua daftari la kurasa 96 akakuta inatosha la 48. Najua wanaorudi jioni kwa sababu mwalimu ametaka kaunta buku na wao walinunua la kawaida. Daftari kwa mtu mzima ni karatasi. Kwa mtoto wa darasa la nne ni kesho yake, ni fimbo au si fimbo. Kiarostami alilijua hilo na hakulipunguza hata kidogo ili liwe la kuchekesha. Alitumia watu wa vijiji vile vile, na yule Ahmad na rafiki yake ni ndugu wa tumbo moja.

Kelvin, mtoto wa jirani, yuko darasa la nne. Aliniuliza swali moja tu filamu nzima: "Kwa nini hawamwulizi anataka nini?" Na alipotokea babu anayemtuma Ahmad sigara wakati sigara anazo mfukoni, eti kumfundisha kutii, na akasimulia kwamba baba yake mwenyewe alikuwa anampa senti kila wiki na kichapo kila wiki mbili, senti alikuwa anasahau lakini kichapo hakusahau kamwe, wazee waliokuwa sebuleni walicheka kwa sauti. Kelvin hakucheka. Nilikuwa namwangalia yeye kuliko skrini. Miaka mitatu baada ya filamu hiyo, Juni 1990, tetemeko kubwa la ardhi lilipiga eneo lile na kuua makumi ya maelfu ya watu. Kiarostami akarudi kuwatafuta wale watoto, na safari ile akaitengenezea filamu nyingine. Nimeambiwa nayo imo kwenye eksteno. Ninaihifadhi mpaka Kelvin akue kidogo.

Siyo zote zimenishika. Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal, ya mwaka 1973, wanaisifu sana wanaojua. Kijana na msichana wa Dakar wanazunguka na pikipiki iliyofungwa pembe za ng'ombe mbele, wanatafuta hela ya nauli ya meli kwenda Paris. Mwanzo wake ni machinjio, na damu ile ni ya kweli. Mama Glory aliaga. Baada ya hapo picha zinarukaruka, huelewi kipi kinatokea na kipi ni ndoto, na mimi mwenye kazi ya kusoma sikuwa na maelezo ya kumpa mtu. Niliirudia peke yangu. Naiheshimu, hasa pale kwenye ngazi ya meli, kijana anapogeuka na kukimbia kurudi mjini huku mwenzake ameshapanda. Kuipenda, hapana. Nadhani nilikosa mtu sahihi wa kukaa naye. Filamu ile inamtaka mtu aliyewahi kuzamia meli, aliyelala kwenye shehena akisubiri ing'oe nanga, na Moshi tuko mbali na bandari.

Ya mwisho kuiangalia ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, kutoka kwenye riwaya ya Adam Shafi ambayo wengi wetu tuliisoma kidato cha tano na sita tukitafuta maudhui na fani. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto, na mwaka uliofuata Tanzania iliipeleka kuwania Oscar. Mara ya mwisho nchi kupeleka filamu huko ilikuwa Maangamizi, mwaka 2001. Kwa mara ya kwanza sikuwa na kazi ya kusoma. Zanzibar ya miaka ya hamsini, Yasmini anayekimbia ndoa ya mzee, Denge na siasa zake za kupinga ukoloni, na taa za usiku zilizopigwa picha kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona kwenye filamu ya Kiswahili. Ningetaka Mwajuma apewe nafasi kubwa zaidi. Kwenye kitabu yeye ndiye anayefungua mlango Yasmini asipokuwa na pa kwenda, na Siti Amina aliyemwigiza ana uso unaoweza kubeba filamu nzima. Pia naona wanazungumza taratibu mno, kama vile kila mmoja anajua anarekodiwa. Hayo ni malalamiko ya mtu anayetaka nyingine kesho.

Ninaitaka nyingine, na ninaitaka ya hapa. Eneo letu limepigwa picha tangu zamani. Hatari! ya Howard Hawks, ya mwaka 1962, John Wayne akiwa steringi, ilipigwa Arusha na kandokando yake: vifaru, twiga, magari ya kukimbiza wanyama, na wenyeji wanapita nyuma wakibeba vitu. Baba mdogo alipokuwa kijana alikuwa anaingia jumba la sinema la Plaza hapa mjini kuangalia za Kihindi bila kuelewa Kihindi, na anakumbuka vizuri kwamba hakuwahi kumwona fundi, mkulima wa kahawa wala mchuuzi wa Moshi kwenye kitambaa kile. Mlima tu ndio ulikuwa unaonekana.

Sasa simu inapiga picha nzuri, vijana wa kuhariri wapo, na visa viko pembeni ya soko chini ya meza ndani ya kiroba. Tatizo ninaloliona kwenye muvi zetu nyingi ni kukodi nyumba yenye ngazi na sofa nyeupe, halafu kuwaweka humo watu ambao hatujui asubuhi wanafanya kazi gani. Sijawahi kujua shujaa wa Bongo muvi anapataje hela ya nauli. Ali wa Tehran najua. Kidane najua ana ng'ombe saba.

Nimemweleza binamu yangu aje likizo na kamera yake, aanze na perege: saa kumi alfajiri gari la samaki linapoingia kutoka bwawani, akina mama wanavyogombania beseni la kwanza, kidole kinavyobonyeza ubavu. Mama Glory nimeshaongea naye. Amesema yuko tayari kuigiza, analeta na kisu chake, ila asitokee mtu wa kumfundisha namna ya kumshika samaki.